Digrii ya biashara iko, kazi haiko: jinsi ya kukaa na watu na kutegua shida mpaka ujitegemee

Miaka mitatu nilisoma biashara Kampala, nikarudi Busia, mji wetu wa mpakani upande wa Uganda, na picha ya graduesheni na faili la sivii. Nilikuwa najua kuandika bizinesi plani ya kurasa 40 yenye hesabu za miaka mitano mbele, lakini kumwambia jirani "leo sikukopeshi" nilishindwa, na kumuuliza mkulima kwa nini mahindi yake ni rahisi kuliko ya mwenzake sikufikiria kabisa. Hayo mawili ndiyo yalinila pesa, si riba wala kodi.

Sasa kila nikikutana na vijana waliomaliza digrii za biashara, BBA au B.Com, wananiambia shida ni mtaji. Sawa, mtaji ni mgumu, sikatai. Lakini ukisema "sina mtaji" bado hujaniambia shida yako ni nini, manake nikikupa shilingi milioni mbili za Uganda leo utafanya nini nazo na utamuuzia nani na huyo mtu sasa hivi anapata wapi hicho kitu? Majibu ya maswali hayo yako kwa watu, yule mama wa nafaka, dereva wa lori, kijana anayebeba magunia, na hao hawakupi kama hujui kukaa nao. Ndiyo maana mimi sitenganishi hivi vitu viwili, kujua kuishi na watu na kujua kutegua shida. Kwenye silabasi ni somo hili na somo lile, sokoni ni kitu kimoja.

Nitatumia mifano ya nafaka kwa sababu ndiyo nimeumia nayo. Kama wewe ni wa saluni au simu au kuku, badilisha majina tu.

Nenda ukakae kwanza

Chagua biashara moja, mtafute mtu anayeifanya tayari na anaishi kwayo, mwombe umsaidie wiki nne. Usimtafute tajiri, mtafute yule wa katikati ambaye asubuhi yuko pale na jioni yuko pale. Mimi nilimwendea mama mmoja wa soko nikamwambia hivi: "Mama habari ya asubuhi. Mimi mtoto wa hapa, nimemaliza shule, nataka kujifunza nafaka. Sitaki mshahara. Nipe kazi ya kubeba au kuandika, nikikusumbua unanifukuza." Akacheka, akanipa ufagio.

Salamu usiruke. Sisi watu wa huku ukianza moja kwa moja na "mahindi bei gani" unajibiwa bei ya mtu asiyejulikana. Uliza nyumbani kukoje, mvua imekujaje, mtoto aliyekuwa mgonjwa amepona? Ni dakika mbili tu na ndizo zinazofanya mtu akuambie bei ya kweli. Na kama ni mtu mzima mwite mama au mzee, usimwite "boss" kama unamuuzia laini ya simu.

Kingine, digrii iache nyumbani wiki za kwanza. Mimi siku ya tatu nilishaanza kumfundisha yule mama, nikamwambia ati mama lazima utenganishe mtaji na matumizi ya nyumbani. Akaniangalia tu, akashika leso yake akanionyesha fundo mbili. Fundo hili la mzigo, fundo hili la nyumba. Hajawahi kufungua la kwanza kununua sukari tangu aanze kuuza, mimi mwenye cheti pesa zote zilikuwa mfuko mmoja wa suruali. Nilinyamaza karibu wiki nzima, na hiyo wiki ndiyo nilijifunza zaidi.

Kuuliza

Hapa wengi tunakosea kwa sababu shuleni walitufundisha kutengeneza kwesheneaa. Unaenda kwa mtu unamuuliza "je ungependa kununua unga uliofungwa vizuri na kuletewa nyumbani?" Nani atakuambia hapana? Watu wetu wana heshima, hawawezi kumvunja moyo mtoto wa watu. Mimi niliuliza watu kama 30, wote wakasema wazo zuri sana, Mungu akubariki. Nikafunga pakiti 50 za kilo mbili mbili na stika juu. Nikauza 9. Zingine tulipika posho, yaani ugali, nyumbani mpaka mdogo wangu akaanza kuomba viazi.

Baadaye nikabadilisha swali, badala ya "ungependa" nikauliza "mara ya mwisho ulinunua lini? wapi? kiasi gani? nani alibeba? ulilipaje?" Yaani uliza kitu kilichotokea, usiulize kitu ambacho mtu anakidhania. Majibu yakawa mengine kabisa. Kumbe wengi wananunua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, kila siku au siku mbili, kwa sababu hata wenyewe wanalipwa kwa siku, pesa ya pakiti kwa mkupuo haipo. Wanaonunua kwa magunia ni mashule na vibanda vya chakula, na mashule yanataka kukopa mpaka ada ziingie mwanzo wa temu. Sasa hapo ndiyo unaona shida halisi: si pakiti, si stika, ni jinsi ya kumsubiri mtu wa shule wiki sita bila wewe kufa njaa. Hiyo ni shida unaweza kuifikiria. "Nitapataje kastoma" si shida, ni kilio.

Ukishauliza, funga mdomo. Kimya kinatuuma sisi tuliosoma, tunajaza wenyewe. Mtu akisema "aa, ni sawa tu" hesabu mpaka kumi kichwani, mara nyingi baada ya hapo ndiyo anasema "ila kuna kitu kimoja..." na hicho kimoja ndicho ulichokuja kutafuta. Pia mtafute kastoma aliyekuacha. Si kumlaumu, mwambie tu nataka nijue nilikosea wapi ili nisirudie kwa mwingine. Inauma lakini ni bure.

Na andika jioni hiyo hiyo. Daftari la sh 1,000 linatosha, usisubiri laptopu.

Mahindi yangu yaliyopungua

Hii nitaieleza polepole maana humu ndimo kuna kila kitu.

Msimu wa kwanza nilinunua magunia 20 vijijini, kilo 100 kila moja, jumla kilo 2,000, nikaona bei ni nzuri nikafurahi. Wakati ule mvua ilikuwa bado inapiga piga, tukayaanika kwenye turubai siku tano, tukarudisha kwenye magunia, kijana niliyekuwa namlipa kwa siku akafunga stoo akakaa na funguo. Kuja kupima kabla ya kuuza, kilo 1,890. Kilo 110 hazipo. Mwaka ule bei ilikuwa kama elfu moja kwa kilo, hesabu mwenyewe, faida yangu yote karibu.

Mimi nilifanya nini? Nilisema naibiwa, na nikalisema mbele ya watu. Sikumtaja jina ila nilimwangalia yeye, na kila mtu alielewa. Kijana hakubishana, aliweka funguo juu ya mizani akaondoka.

Siku mbili baadaye yule mama akapita na chupa ya soda tupu na chumvi ndani ya karatasi. Akachukua mahindi mabichi mabichi kwa muuzaji wa pembeni, akatia kwenye chupa kama theluthi, akaongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, akatikisa, akaiweka chini, tukaongea mambo mengine kama robo saa. Kurudi kuangalia, chumvi imegandamana kwenye kuta za chupa. Akaniambia haya bado ni maji. Chumvi ikishika kwenye chupa ujue unyevu umepita asilimia 15 hivi, isiposhika uko chini ya hapo. Chupa lazima iwe kavu na chumvi iwe kavu, la sivyo unajidanganya. Akaniuliza wewe ulinunua yakoje? Sikujua, sikupima.

Usiku nikakaa na kalkuleta, na hapo kidogo shule ilisaidia. Tuseme niliyanunua na unyevu wa asilimia 18. Maana yake kwenye kilo 100 kuna kilo 18 za maji na 82 za mahindi yenyewe. Nikiyakausha mpaka asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha soko la Afrika Mashariki, zile 82 hazibadiliki ila sasa ndizo asilimia 86.5 ya gunia, kwa hiyo 82 gawa kwa 0.865 unapata kilo 94.8. Kila gunia limepoteza kilo 5.2 bila mtu kugusa. Mara 20 ni kilo 104. Nilipoteza 110. Zile sita nadhani ni kuku wa jirani.

Nililipia maji kwa bei ya mahindi alafu nikamwita mtu mwizi.

Kutoka hapo nina utaratibu wangu, si wa kitabu. Kwanza shida naiandika kwa sentensi yenye namba: "nimenunua kilo 2,000, nimepima 1,890, siku 20 zimepita." Hakuna jina la mtu ndani. "Naibiwa" si shida, hiyo tayari ni hukumu, na ukishahukumu akili inaacha kutafuta. Alafu nauliza kwa nini, jibu likija naliuliza tena kwa nini. Wajapani wa Toyota walifanya hii iwe desturi ya kiwandani, kuuliza kwa nini mara tano, Sakichi Toyoda ndiye anayetajwa kuianzisha. Kwa yangu ilikwenda hivi: kwa nini kilo zimepungua, yamekauka. Kwa nini yalikuwa na maji, nilinunua mapema kabla hayajakauka shambani. Kwa nini nilinunua mapema, bei ilikuwa chini. Kwa nini bei ilikuwa chini, mkulima alikuwa anahitaji pesa ya ada haraka na yeye anajua yana maji. Ya tano sikuhitaji, nilishaona kwamba ile bei nzuri haikuwa nzuri, ilikuwa bei sahihi ya mahindi mabichi.

Ukiwa na sababu zaidi ya moja (wizi, maji, mizani mbovu, panya) usianze na ile inayokukasirisha, anza na ile ambayo ni rahisi kuijaribu. Chumvi ni sh 500. Mizani unaijaribu kwa kupima kitu unachojua uzito wake, kama mfuko wa sukari wa kiwandani ambao haujafunguliwa. Kumtuhumu mtu ndiyo jaribio la bei ghali kuliko yote maana ukikosea humpati tena mtu huyo.

Nikumbushe kitu kingine cha mpaka huu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka. Baada ya siku chache wakafungua tena kwa masharti, cheti cha kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni na mwagizaji awe amesajiliwa. Watu walikuwa na hasira hapa, na ilikuwa haki yao. Lakini kuna waliokaa kwenye hasira mpaka msimu ukaisha na kuna waliopiga simu kwa mnunuzi wao upande wa pili wakamuuliza sasa unataka nini ili uchukue mzigo wangu. Hao wa pili walianza kununua turubai. Siasa ya nani anamwonea nani waachie mawaziri, wewe una mzigo unaooza.

Kuomba msamaha

Kumrudia yule kijana ilinichukua wiki mbili kwa sababu ya aibu, na wiki mbili hizo nilibeba magunia mwenyewe.

Kwetu tuna tabia ya kusema "kama nimekukosea unisamehe". Hiyo "kama" inaharibu kila kitu. Mtu anajua umemkosea. Sema ulichofanya, sema kilimgharimu nini, sema utafanya nini. Nilimwambia: "Nilikuita mwizi mbele ya watu, na tangu siku ile hakuna aliyekupa kazi pale sokoni. Nilikosea, mahindi yalikauka. Kesho naenda kulisema hilo palepale nilipokuchafua." Na nikaenda nikasema. Hakurudi siku hiyo, alirudi baada ya miezi miwili. Msamaha hauna tarehe ya mwisho kama asaimenti, usimsukume mtu.

Madeni

Haya. Hapa ndipo biashara nyingi za sisi wasomi zinafia, na si kwa kukosa hesabu, ni kwa kukosa sentensi. Nakupa zangu, zibadilishe ziwe za mdomo wako.

Kukataa: "Mama, mimi nakuamini, ila huu mzigo ni wa mtu na keshokutwa anakuja kuchukua pesa yake. Chukua gorogoro moja ya pesa uliyonayo." Ona hujasema hapana kwake, umesema hapana kwa deni, na umempa kitu cha kuondoka nacho. Usidanganye lakini, kama mzigo si wa mtu sema tu "nimejiwekea sheria sikopeshi mpaka niwe na magunia hamsini". Watu wanaheshimu sheria kuliko visingizio, alafu uongo wa mtaani unajulikana kufikia jioni.

Kukopesha, maana huwezi kukataa wote hasa ukiuzia mashule: andika tarehe, kiasi, siku ya kulipa, na yeye mwenyewe aandike jina lake kwa mkono wake. Alafu mtumie meseji palepale mbele yake, "asante kwa kuchukua magunia 3, tumekubaliana utalipa tarehe fulani". Si kumtisha, ni ili miezi miwili baadaye msianze kubishana nani alisema nini.

Kudai: piga siku mbili kabla ya tarehe, usisubiri ipite. "Nakukumbusha tu Ijumaa ni ile siku yetu." Ikipita, nenda mwenyewe, asubuhi, peke yako, usidai mbele ya wateja wake au mkewe. Uliza "umefikia wapi?" badala ya "pesa yangu iko wapi?" Mtu aliyekwama atakuambia ukweli akiona hujaja kupigana, na akikuambia ana nusu, chukua nusu na panga nusu ya pili hapo hapo. Kosa langu la zamani lilikuwa kukaa kimya mwezi mzima kwa heshima alafu siku moja kulipuka kama jiko la gesi.

Na wewe ukidaiwa fanya hivyo hivyo kinyume. Piga wewe kwanza kabla hajapiga. Wale wauzaji wa jumla wa Kikuubo kule Kampala na hata wa hapa hawaangalii cheti chako, wanaangalia ulisema Jumanne ukaja Jumanne. Nunua kidogo kwa keshi mara nyingi, lipa siku uliyosema, baada ya muda utaona mwenyewe anakuambia chukua utaleta.

Ndugu

Wazazi waliuza ng'ombe ukasoma. Sasa umefungua kibanda na kila Jumapili kuna simu, ada ya binamu, hospitali ya shangazi, mchango wa harusi ya mtu usiyemjua. Huwezi kuwakatia simu, na mtu akikushauri ukate huyo hajalelewa huku. Nilichofanya mimi ni kumkalisha baba na mama na daftari la biashara nikawaonyesha: mzigo huu, deni hili, faida hii hapa. Mzee alishtuka, alidhani nina pesa kwa sababu anaona magunia mengi. Tukakubaliana natoa kiasi fulani kila mwezi, kinapitia kwa mama, ndugu wakipiga nawaelekeza kwake. Mama anajua kusema hapana kuliko mimi, ninaapa.

Jilipe mshahara hata kama ni mdogo, sh 40,000 kwa wiki sijui, ili ukitoa zawadi utoe kwenye mshahara wako si kwenye mzigo. Ndiyo zile fundo mbili.

Partna na vikundi

Partna nisiseme mengi. Kama mnaanza wawili andikeni karatasi moja kabla ya pesa kuingia: nani analeta nini, nani anafanya nini siku gani, faida tunagawa vipi, na mmoja akitaka kutoka anatokaje. Hilo la mwisho ndilo watu wanaona aibu kulitaja, ni kama kuongelea talaka siku ya harusi, lakini litajeni tu. Pia kumbuka katika ubia wa kawaida mwenzako akikopa kwa jina la biashara mdai anaweza kukufuata wewe.

Vikundi navipenda zaidi. Kashi raundi, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ya watu kumi wa sokoni itakufundisha mambo ya watu kuliko semina yoyote, utaona nani anachelewa, nani anatetea wengine, nani anasema sana na haleti. Omba uwe mwandishi wa kikundi, hapo digrii inafaa kweli na watu watakuona. Na kupitia vikundi na SAKO (vyama vya kuweka na kukopa) za parishi, yaani kata za serikali si za kanisa, ndiko ile pesa ya serikali ya PDM, mpango wa maendeleo ya parishi, ilipopitishwa tangu 2022, mpango ulikuwa milioni 100 kwa parishi na mtu anakopa mpaka milioni moja. Ukiipata usinunue pikipiki siku ya kwanza kwa sababu jirani amenunua. Jaribu kwanza na pesa ndogo wiki mbili, elfu hamsini, na kabla ya kuanza andika "nikiuza chini ya hapa naacha". Ukiandika baada ya kuanza utajipunguzia mwenyewe, nakujua kwa sababu najijua.

Ofisi na mpaka

Watu wa ofisi ni watu pia. Nenda na makaratasi yako yamekamilika, asubuhi, sema shida kwa sentensi moja, uliza "kinachokosekana ni nini ili nikilete?" Ukianza na "nyinyi watu wa serikali..." utarudi kesho. Jina la biashara unasajili URSB, ofisi ya usajili, namba ya kodi TIN unaipata URA, mamlaka ya kodi, bila kulipa, leseni ya biashara ni ya halmashauri ya mji wako. Na wengi hawajui kwamba biashara ndogo yenye mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka haitozwi kodi ya mapato, ila lazima uwe na daftari la kuonyesha hayo mauzo, bila daftari ni maneno yako dhidi ya macho yake.

Kwa sisi wa Busia na Malaba, mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, wa asili ya Afrika Mashariki na uliomo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unapita kwa utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, unajaza cheti rahisi cha asili palepale mpakani na ushuru wa forodha hulipi. Vibali vingine kama vya afya ya mimea vinaweza bado kutakiwa, kwa hiyo uliza kabla hujapakia. Nimeona watu wenye gunia nne wanapita njia za panya usiku, wanalipa huyu na yule, wakati dirishani wangetumia nusu saa. Wanaogopa tu kuongea na mtu wa yunifomu. Hapo ni woga wa mdomo, na kwa kweli mdomo ndiyo nimekuwa nikiuongelea tangu juu.

Mobail mani kidogo: serikali inakata asilimia 0.5 unapotoa pesa, juu ya ada ya kampuni ya simu, kwa hiyo ukilipwa kwa simu jitahidi umlipe sapulaya kwa simu pia badala ya kutoa. Na mtu akikupigia ati nimekutumia kimakosa nirudishie, mwambie kwa upole apige kasitoma kea wao ndio watarudisha. Akianza kulia au kutukana, kata.

Ukiajiri

Siku utakayomlipa mtu wa kwanza utajua kama ulijifunza. Mlipe siku mliyosema hata kama wewe hujala. Mkosoe pembeni, msifu mbele ya watu, mimi nilifanya kinyume na mmeshasoma ilivyoenda. Na mpe kitu ambacho uamuzi wake unakubana hata wewe mwenye biashara, la sivyo atakaa anakusubiri useme na akili yake umeilipa bure.

Yule kijana aliporudi sikumpa funguo peke yake, nilimpa na chupa. Siku hizi tukienda vijijini yeye ndiye anatikisa, mimi naongea na mkulima habari za mvua na watoto, na akinigeukia akasema "bado" sinunui, hata kama bei nimeshaipenda.